Saa ya Uswisi kwenye Vumbi la Njinjo

Sehemu kubwa ya mchanga ni kwatsi, na kwatsi ni madini magumu. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10, imepewa 7. Kioo cha kawaida cha saa ya mkono kiko kati ya 5 na 6, na vile vya plastiki vilivyofungwa kwenye saa nyingi za Uswisi za miaka ya 1950 na 1960 viko chini zaidi. Mtu akitoka Nangurukuru, wilayani Kilwa, kwa bodaboda wakati wa kiangazi, akashuka Njinjo na kufuta saa yake kwa pindo la shati, amekipiga kioo msasa. Akiendelea hivyo msimu mzima, namba zitaanza kufifia.

Kipo kioo kisichojali mchanga huo, nacho ni cha safaya. Safaya ina ugumu wa 9, na watu wa kusini mwa Tanzania wanaijua vizuri, maana Tunduru kulifurika wachimbaji katika miaka ya 1990 kwa ajili yake. Ile ya saa haichimbwi. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuitengeneza: unga wa oksidi ya alumini unadondoshwa kupitia mwali wa hidrojeni na oksijeni, unayeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, kisha unaganda kuwa jiwe. Ukitiwa kromiamu kidogo, jiwe linatoka jekundu, yaani rubi. Vile vijiwe vyekundu ndani ya saa, ambavyo idadi yake mara nyingi huandikwa usoni, kwa kawaida 17, ni rubi ya namna hiyo. Thamani yake sokoni ni ndogo mno, kwa hiyo asitokee mtu wa kuvunja saa ya babu akidhani amekalia rubi za kuchimbwa Mahenge.

Kazi ya vijiwe hivyo ni kupokea ncha za magurudumu ili chuma kisisagane na chuma. Katika saa nyingi za zamani gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi, hupiga mara 18,000 kwa saa moja, sawa na mara 432,000 kwa siku. Ncha zake zina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Shimo la shaba lingeliwa upesi kwa kazi hiyo, lakini rubi, ikiwa safi na yenye mafuta, huvumilia miongo mingi.

Hapa ndipo mnunuzi wa saa ya mtumba anapopaswa kuwa macho. Njinjo ni kata ya Wilaya ya Kilwa iliyo ndani kidogo kutoka pwani, nchi ya ufuta, korosho na mpunga wa bonde la Mto Matandu. Fedha za minada ya ufuta zikishaingia mifukoni, saa nzuri ni kitu ambacho mtu anaweza kukitamani, na maneno "Swiss Made" yana mvuto wake. Lakini Uswisi haikutengeneza saa za namna moja. Mwaka 1867 Georges Frédéric Roskopf, fundi wa La Chaux-de-Fonds, alitoa saa ya bei ya chini aliyoikusudia mfanyakazi wa kawaida aimudu kwa faranga 20. Alipunguza vipande, na mahali pa vijiwe akaweka pini za chuma. Aina hiyo ya saa za pini iliendelea kutengenezwa Uswisi kwa mamilioni hadi miaka ya 1970. Nyingine zina kijiwe kimoja tu, nyingine hazina kabisa. Zilikuwa saa za kweli kwa bei yake, ila zikishachakaa hakuna fundi wa kuzifufua kwa gharama inayolipa. Ukiona namba ya vijiwe ni 1, jua unanunua pambo.

Upande wa pili kuna saa zilizopakwa rangi upya. Mumbai, mji uliofanya biashara na pwani yetu tangu zamani, una mafundi wanaochukua vipande vya saa chakavu za Uswisi, wakaviunganisha, wakaupaka uso rangi mpya, nyekundu au buluu kali, na kuchapa jina kubwa. Herufi zake huwa zimetepeta pembeni, nafasi kati yake haziko sawa, na uso unang'aa kuliko mwili wa saa unavyostahili. Uso wa miaka 60 usio na hata doa moja unapaswa kukutia shaka. Mimi ningechukua uso uliofubaa kwa haki, ulioachwa na fundi bila kuguswa.

Sasa geuza saa. Mgongoni huenda kukawa na maandishi ya Kiingereza yanayotaja chuma kisichoshika kutu. Yasome yote. Kwenye saa nyingi za bei nafuu maandishi hayo yanasema mfuniko wa nyuma tu ndio wa chuma hicho. Mwili wenyewe ni wa shaba iliyopakwa kromu. Jasho lina chumvi, na kloraidi iliyomo hupenya kwenye tundu dogo la kromu na kuila shaba kwa chini, mpaka mwili wa saa unatoka vipele vya kijani karibu na mkanda. Hata chuma kisichoshika kutu si kimoja. Aina inayoitwa 316L ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na ni molibdenamu hiyo inayoisaidia kustahimili kloraidi. Kwa anayeishi Njinjo na kushuka Kilwa Masoko mara kwa mara kufuata samaki, tofauti hiyo inaonekana ndani ya miaka michache.

Adui mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni hewa.

Chukua hewa ya kawaida ya ukanda huu: nyuzi 28, unyevu asilimia 80. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo imebeba kama gramu 22 za maji. Ikipozwa hadi karibu nyuzi 24, haiwezi tena kuyabeba yote, na maji yanaanza kujitokeza kama umande. Saa iliyofunguliwa Njinjo na kufungwa hapo hapo imefungiwa hewa hiyo ndani. Mwenyewe akipanda basi lenye kiyoyozi kwenda Dar es Salaam, kioo kinapoa, na ukungu unatanda kwa ndani. Maji yenyewe ni machache sana, hata tone halifiki. Lakini kama ringi ya mpira inayoziba mfuniko imekauka, saa inapumua: ikipata joto inatoa hewa, ikipoa inavuta nyingine mbichi. Kila siku inaongeza kidogo. Chuma cha ndani, ambacho hakikutengenezwa kuzuia kutu, kinaanza kubadilika rangi, na unga wa kutu unaingia kwenye vile vijiwe na kuwa msasa.

Ringi hiyo ya mpira ndiyo inayoamua maisha ya saa huku kwetu, na ndiyo watu wasiyoiulizia. Mpira hukakamaa kwa joto na miaka. Saa iliyoandikwa kuwa haipitishi maji mwaka 1965 ilisema kweli mwaka 1965. Hata kwenye saa mpya, mita 30 maana yake ni kwamba ilistahimili shinikizo la kupimia lililo sawa na kina hicho, maji yakiwa yametulia. Haimaanishi uogelee nayo. Ya mtumba ambayo ringi zake hazijabadilishwa ihesabu kuwa haina kinga yoyote.

Kuna kipimo ambacho mnunuzi anaweza kukifanya mwenyewe, kilichotoholewa kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 22810. Maabara hupasha saa joto kwenye sahani ya nyuzi 40 hadi 45, hudondosha tone la maji yenye nyuzi 18 hadi 25 juu ya kioo, husubiri dakika moja, kisha hufuta. Ukungu ukibaki kwa ndani, maji yamo. Bila maabara, shika saa kiganjani, au iweke juani kidogo mpaka ipate joto, kisha dondosha tone la maji ya friji katikati ya kioo. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Joto lenyewe tusilisingizie. Zamani lilikuwa tatizo kweli: springi nyembamba ya gurudumu la mizani, ikiwa ya chuma cha pua cha kawaida, hulegea joto likipanda, na saa huchelewa kwa sekunde kama 11 kwa siku kwa kila nyuzi moja. Mswisi Charles-Édouard Guillaume aligundua aloi za chuma na nikeli ambazo karibu hazijali joto, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920. Springi za Nivarox, zilizofuata katika miaka ya 1930, zimeenea kwenye saa nyingi utakazokutana nazo. Saa ikikimbia ghafla kwa dakika kadhaa kwa siku, shuku sumaku: spika za redio na kasha la simu lenye sumaku hugandisha mizunguko ya springi hiyo. Kuiondoa ni kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye kifaa.

Mafuta ni habari nyingine. Tone la mafuta ya saa linatakiwa likae kwenye kikombe kidogo kilichochongwa juu ya kijiwe, likishikiliwa na mvutano wa uso wake, lisisambae. Mafuta ya cherehani husambaa na kuiacha ncha ikiwa kavu. Ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 au 25, na asubuhi za Juni na Julai bara ya Kilwa hupoa kuliko hapo. Ya ufuta, fahari ya Njinjo, yamo katika kundi la mafuta yanayokauka nusu: yakikaa hewani huvuta oksijeni, yakawa mazito na kunata. Saa iliyotiwa mafuta ya jikoni itaenda vizuri wiki mbili, muda unaomtosha muuzaji kuondoka.

Kuna jambo moja la tarehe linalowahusu Waswahili. Vitabu vya maelekezo huonya kwamba tarehe isibadilishwe kwa mkono kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu meno ya gurudumu la tarehe yameshikana na yanaweza kuvunjika. Lakini wapo wanaoweka akrabu zionyeshe saa ya Kiswahili moja kwa moja, mshale mfupi kwenye 1 asubuhi jua likiwa limeshatoka. Kwao tarehe itabadilika saa kumi na mbili, na kama wamepangilia vizuri, itakuwa ya jioni, jua linapozama, pale hasa siku ya Kiislamu inapoanza. Uswisi hawakukusudia hivyo, ila imetokea sawa. Kwa waliopanga saa hivyo kanuni inabaki ile ile ukitazama uso wa saa badala ya mwanga wa nje: mshale mfupi ukiwa upande wa juu, kuanzia 9 kupitia 12 hadi 3, usiguse tarehe. Usipojua uko mzunguko gani, zungusha akrabu mbele mpaka tarehe iruke, endelea hadi 6, ndipo uirekebishe.

Saa za kabla ya miaka ya 1960 zenye rangi ya kung'aa gizani mara nyingi zina radiamu. Rangi imeshazimika, radiamu haijazimika. Nusu yake tu hupotea kwa miaka 1,600. Kioo kikiwa kizima hatari ni ndogo. Hatari iko kwenye unga wake, kwa hiyo usikubali fundi aikwangue rangi hiyo juu ya meza anayolia chakula. Za baadaye, zenye herufi T sehemu ya chini ya uso, zilitumia tritiamu, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi.

Kuhusu matunzo ya kila siku, maneno machache yanatosha. Mkanda wa ngozi huoza kwa jasho la pwani. Weka wa nailoni uufue. Saa isiyovaliwa ikae kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiizike kwenye mchele, unaongeza vumbi la wanga tu. Ikiingia maji, ifunguliwe siku hiyo hiyo na kukaushwa, kisha ifike kwa fundi haraka. Hilo la mwisho lina ugumu wake Kilwa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam eneo la Somanga, watu na magari walikwama. Kutu haingoji barabara itengenezwe.

Fundi mwenye mashine ya kupima mapigo ni rahisi kumpata Kariakoo kuliko Njinjo, ingawa siku hizi zipo programu za simu zinazosikiliza mapigo ya saa kwa maikrofoni na kuonyesha inakimbia au inachelewa kwa sekunde ngapi. Saa ya mitambo huhitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka minne au mitano, na pamoja nayo ringi mpya. Aliye na bei ya saa tu, bila bei ya kazi hiyo, achukue saa ya betri yenye ringi nzima. Itamtunzia muda vizuri kuliko ya Uswisi iliyokauka. Na aliyeamua ya Uswisi aombe mfuniko ufunguliwe mbele yake kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akikataa, mrudishie saa yake.