Breki ya Mbele Ikilegea, Usiizoee

Katika miji yetu ya Bukavu, Goma, Butembo na Kisangani, pikipiki imekuwa miguu ya watu wengi. Hupeleka mgonjwa hospitalini, watoto shuleni na magunia ya mihogo sokoni. Na vijana wengi hupata kwayo chakula cha jamaa zao. Mwenye pikipiki ajua vema namna ya kuifanya iende. Je, ajua pia namna ya kuifanya isimame?

Leo, wasomaji wapenzi, twataka kueleza ugonjwa mmoja wa breki, ambazo wengi kwetu huziita freni. Mpanda pikipiki avuta wenzo wa breki ya mbele kwa vidole vyake, naye asikia kwamba hauna nguvu. Unabonyea kama sifongo iliyolowa maji, wakaribia kugusa usukani, na pikipiki yachelewa kusimama. Wengi hufanya nini? Huvuta mara mbili tatu upesi upesi, wenzo ukakaza, nao huendelea na safari. Kesho ni vivyo hivyo. Mwishowe huuzoea ugonjwa huo, kama mtu aliyezoea kulala katika nyumba inayovuja. Hapo ndipo penye hatari.

KWA NINI BREKI YA MBELE?

Wako wanaoiogopa breki ya mbele wakidhani itawapindua, nao hutumia ya nyuma tu. Lakini fikirini: pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wa mtu na mzigo huelekea mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini na kuishika barabara kwa nguvu, nalo la nyuma huwa jepesi na kuteleza. Kwa hiyo, katika barabara kavu, breki ya mbele hufanya zaidi ya nusu ya kazi yote. Asiye nayo amebakiwa na sehemu ndogo tu ya breki zake.

MAFUTA YANAVYOFANYA KAZI

Pikipiki nyingi huvuta breki ya mbele kwa waya. Kama yako ni hivyo na wenzo umelegea, tazama kwanza waya: pengine umenyooka, au umeanza kukatika nyuzi, au breki zenyewe zimelika ndani ya ngoma yake. Kaza waya kwa nati yake. Ukiwa umechakaa, utie mpya.

Lakini pikipiki nyingine zina sahani ya chuma kwenye gurudumu, na breki yake hufanya kazi kwa mafuta. Mwaka 1969 Honda ya Japani ilitoa pikipiki CB750 yenye breki ya namna hiyo mbele, na tangu hapo zimeenea duniani.

Wanafunzi watakumbuka jina la Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi tangu 1623 hata 1662. Yeye alieleza kwamba ukisukuma maji yaliyofungiwa ndani ya chombo, nguvu ile huenea pande zote sawasawa. Ndivyo ilivyo hapa. Vidole vyavuta wenzo. Wenzo wasukuma pistoni ndogo juu ya usukani. Mafuta yapeleka nguvu ile katika bomba la mpira hata chini. Huko pistoni kubwa zaidi yasukuma pedi mbili, nazo zaibana sahani kama taya. Mafuta hayakubali kushindiliwa, kwa hiyo nguvu yote yafika. Lakini hewa yashindilika kwa urahisi. Kiputo kidogo cha hewa kikiingia katika mafuta, vidole vyako hukibana kile kiputo badala ya kuibana sahani. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya wenzo kuwa kama sifongo.

Sababu ya pili ni maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, mwezi kwa mwezi. Mafuta mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya digrii 230. Yakiisha kunyonya maji kiasi cha karibu sehemu 4 katika 100, yaweza kuchemka kwenye digrii 155. Basi mfikirieni mtu anayetoka Bukavu kwenda Uvira. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na ziwa Tanganyika karibu mita 770. Kwenye mteremko wa Ngomo yeye ashika breki bila kuiachilia. Chuma chapata moto, mafuta ya zamani yachemka, mvuke watokea, na wenzo walegea ghafula mahali pale pale anapouhitaji kuliko pote. Mwenye busara hushuka kwa gia ndogo, akiiacha injini imzuie, na hubadilisha mafuta ya breki kila miaka 2.

KUTAFUTA SABABU

Usifungue kitu kabla ya kutazama. Tazama kikopo cha mafuta kwenye usukani: je, yamepungua? Yamekuwa meusi? Yakipungua, ama pedi zimelika, ama yanavuja. Pitisha kitambaa kikavu kwenye bomba na maungio yake. Kikilowa, umepata mahali pa kutengeneza. Tazama unene wa pedi. Zikibaki milimita 2 au chini yake, zibadilishe.

Kisha vuta wenzo mara nyingi upesi. Ukikaza, na baada ya kuuacha kidogo ukalegea tena, kwa kawaida ni hewa. Halafu uvute na kuushikilia. Ukizama polepole bila mafuta kuvuja nje, mpira wa pistoni ya juu umechakaa. Kutoa hewa peke yake hakutaponya. Na bomba la zamani likivimba unapovuta, litie jipya.

KUTOA HEWA

Tafuta spana inayofaa, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa safi, na mafuta mapya ya namna iliyoandikwa juu ya kifuniko cha kikopo. Funika tangi, kwa maana mafuta haya hula rangi. Geuza usukani ili kikopo kikae sawasawa, kisha ukifungue.

Chini, kwenye taya, kuna skrubu ndogo yenye tundu. Vika mpira juu yake, na ncha ya pili uizamishe katika mafuta kidogo ndani ya chupa. Vuta wenzo polepole mara chache, uushikilie. Fungua skrubu robo ya mzunguko: mafuta na viputo vitatoka. Funga skrubu kwanza, ndipo uuachilie wenzo. Ukiuachilia kabla ya kufunga, hewa itarudi. Rudia hivyo hata visionekane viputo tena. Kila mara ongeza mafuta katika kikopo. Kikikauka, kazi yote yaanza upya.

Ukimaliza, funga vyote, osha kwa maji palipodondoka mafuta, na uvute wenzo. Yapasa uwe mgumu tangu mvuto wa kwanza. Jaribu mahali tambarare, mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, bila abiria.

YASIYOFAA KABISA

Usitie kamwe mafuta ya injini, wala mafuta ya kula, wala maji ya sabuni. Mafuta ya injini huivimbisha mipira ya pistoni, na breki iliyokuwa legevu leo kesho haitakuwapo. Usitie mafuta yaliyokaa wazi tangu zamani, wala yale yaliyotoka katika chupa yako. Usipake mafuta pedi wala sahani. Na kama mkono wako haujaizoea kazi hii, mpelekee fundi anayeijua, ukae karibu naye na kutazama.

Ndugu msomaji, abiria anayepanda nyuma yako hawezi kuuonja wenzo wa breki. Mama mwenye mtoto mgongoni haulizi mafuta yalibadilishwa lini. Akupa nauli yake, na pamoja nayo akukabidhi maisha yake. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, vuta wenzo wa mbele mara moja tu. Ukiwa mgumu, nenda kwa amani. Ukibonyea, pikipiki ibaki nyumbani siku hiyo, hata kama wateja wanangoja.