Kabla ya Kulaumu Injini

Ndege ndogo ikianguka mara tu baada ya kuruka, hakosekani shahidi wa kusema alisikia injini ikikohoa. Mpelelezi huyaandika maneno hayo, kisha huenda kutazama propela. Mapanga yaliyojipinda kama herufi S, yenye mikwaruzo iliyoyakata kwa upana, yaligonga ardhi yakizunguka kwa nguvu. Panga moja likikunjika kwenda nyuma na jingine likabaki limenyooka, yawezekana injini ilikuwa imeshazima.

Injini ikionekana haina kosa, zinabaki hesabu. Cessna 402B iliyomuua mwimbaji Aaliyah tarehe 25 Agosti 2001 ilianguka ilipotoka tu kuruka Marsh Harbour, visiwani Bahamas. Watu wote 9 waliokuwamo walikufa. Ndege za ukubwa ule kwa kawaida hazina kisanduku cheusi, basi wapelelezi walijumlisha uzito wa abiria, mizigo na mafuta. Jumla ilizidi kikomo kwa takriban kilo 320.

Mimi kinachonitisha zaidi ni mahali kilo hizo zilipokaa. Kitovu cha uzito kilikuwa kimerudi nyuma kupita mpaka unaoruhusiwa. Aliyeona bodaboda ikifungwa magunia nyuma hadi tairi la mbele likaelea anaelewa. Ndege iliyoelemewa mkiani huinua pua yenyewe magurudumu yanapoachana na lami. Rubani husukuma usukani mbele hadi mwisho, na bado pua haishuki. Bawa likiinuka mno, hewa inayopita juu yake huvurugika na bawa huacha kubeba. Angekuwa juu sana, huenda angepata nafasi ya kujinasua. Karibu na ardhi nafasi hiyo haipo.

Vipimo vilionyesha pia kokeini na pombe mwilini mwa rubani, ambaye hata kibali cha kuirusha ndege ile hakuwa nacho. Magazeti yaling'ang'ania hilo, nadhani kwa kuwa ni rahisi kusimulia kuliko hesabu za mizigo. Lakini ndege iliyopakiwa vile ingemshinda hata rubani mzima.

Hesabu hizo hubadilika pia kulingana na mahali pa kurukia. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi, hivyo uzito unaobebeka Malindi, pwani, huenda usibebeke pale. Ndiyo maana abiria wa ndege ndogo hupimwa pamoja na begi lake, kisha huonyeshwa kiti cha kukaa.