Kisanduku cha Namba Ndani ya Simu

Ndugu wafanyakazi wa Afungi, Machi 24, 2021, Palma iliposhambuliwa na simu zikakatika, sote tulijua thamani ya mawasiliano. Basi tutazame ndani ya simu. Simu za Android huendeshwa na kiini cha Linux. Humo kila redio ya Wi-Fi ina programu yake, na mwandishi wake huchagua visanduku vyake vya namba. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa namba hasi, kama -70. Kisanduku cha biti 8 kinachokubali hasi hubeba -128 hadi 127, chatosha. Kisichokubali hubeba 0 hadi 255, na ile -70 husomeka 186! Hapo mawimbi dhaifu huonekana makali, na simu yaweza kung'ang'ania mtambo ulio mbali. Cha biti 32 kingefaa, ila hula nafasi mara nne.