Ndimu, Jua na Ngozi: Mbabuko Usio na Jina

Mtoto wa jirani yetu huko Pwani alifikishwa zahanati akiwa na alama nyeusi ubavuni, mithili ya vidole vitano. Swali la kwanza aliloulizwa mamake lilikuwa: "Nani kampiga?" Ilhali siku tatu kabla, mama huyo alikuwa uani akikamua ndimu za karamu, akamwinua mwanawe aliyekuwa kifua wazi, kisha akamwacha acheze juani.

Ganda la ndimu, na kwa kiasi kidogo maji yake, lina kemikali ziitwazo furokumarini. (Wengi wetu wa bara huita ndimu na limau jina moja, ndimu ndiyo kali zaidi katika jambo hili.) Kemikali hizi pekee hazidhuru ngozi. Zikipigwa na miale ya urujuanimno ya jua, hujishikiza kwenye DNA ya seli na kuziharibu. Ngozi huwasha, huuma, pengine hutoa malengelenge, kisha hubaki baka linaloweza kudumu miezi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, hivyo baka hilo huenda likawa dalili ya kwanza kutambuliwa. Huu si mzio. Yeyote aweza kupatwa. Utomvu wa mtini nao hufanya vivyo hivyo.

Kinachopotosha ni muda. Madhara huanza takriban saa 24 baada ya jua, yakakolea kati ya saa 48 na 72. Kufikia hapo, nani akumbukaye ndimu?

Aidha, lugha yenyewe huchangia. Tukisema mtoto "ameungua", tumekwisha kutaja moto. Tukisema "ana alama za kipigo", tumekwisha kumtaja mtu. Istilahi ya madaktari, fitofotodematitisi, yatutatiza hata sisi wanaisimu kuitamka. Mimi napendekeza "mbabuko wa mmea na jua". Yamkini mtu atapinga kwamba kubabuka huhusishwa na moto. Hata hivyo, husemwa pia kwamba ngozi imebabuka kwa jua, na mmea umetajwa waziwazi.

Kinga ni nyepesi: kunawa kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Ajabu ni kwamba kemikali za jamii hiyo hiyo, pamoja na taa maalumu, hutumiwa hospitalini kutibu mabaka meupe ya ngozi.

Mama yule aliokolewa na muuguzi wa pili, aliyeuliza: "Mama, ulikuwa umeshika nini kabla ya kumbeba?"

"Ndimu," akajibu.