Kinga ya Jua si Urembo

Msafiri atokaye Korogwe kuelekea Moshi hulitambua jua la Same kabla hajauona mji wenyewe. Kuanzia Hedaru hadi Makanya ardhi ni kavu, mkonge na miti ya miiba ndiyo iliyotawala, na Milima ya Upare imesimama upande wa kulia kama ukuta. Wakazi wa tambarare hulilalamikia jua hilo kila siku. Wale wa Mbaga, Chome na Mamba, wanaoamka katika ukungu na kuvaa masweta, hujiona wamesalimika nalo.

Hapo ndipo penye kosa linalofaa kusahihishwa. Joto la jua ni kitu kimoja, na mionzi inayounguza ngozi ni kitu kingine. Mionzi hiyo haionekani kwa macho wala haihisiwi kama joto. Nayo huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu, kwa takriban asilimia 10 katika kila mita 1,000, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na haiizuii sana. Kilele cha Shengena kina urefu wa zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Same hauzidi mita 1,000. Kwa hiyo anayelima tangawizi mlimani siku yenye baridi na anga jeupe hupigwa na mionzi mikali kuliko anayetokwa jasho stendi ya Same. Mawingu mepesi nayo hayaizuii sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Je, kila mwananchi akimbilie dukani kununua mafuta ya kujikinga na jua? La hasha. Ngozi nyeusi ina rangi yake ya asili iitwayo melanini, nayo ni mwavuli tuliozaliwa nao. Kwa walio wengi miongoni mwetu, kofia, kivuli na nguo za kufunika mwili zinatosha. Mwenye madoa meusi usoni yanayozidi kukolea juani atafaidika na mafuta hayo, lakini hilo ni jambo la hiari.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino jambo hili si la hiari hata kidogo. Miili yao hutengeneza melanini kidogo sana au haitengenezi kabisa. Jua ambalo kwa mwingine ni adha ya mchana tu, kwao ni jeraha linalolimbikizwa tangu utotoni, na mwisho wake mara nyingi ni saratani ya ngozi kichwani, usoni, masikioni au shingoni. Saratani hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazokatisha maisha yao mapema, nayo kwa sehemu kubwa inazuilika. Kifo kinachoweza kuzuiwa kwa kofia, shati na mafuta hakistahili kuitwa majaliwa.

Basi mafuta yachaguliwe vipi? Kwanza, isomwe namba iliyoandikwa kando ya herufi SPF. Namba 15 maana yake ni kwamba, yakipakwa ipasavyo, takriban sehemu moja tu katika 15 ya mionzi inayounguza hupenya. Namba 30 ni moja katika 30. Namba 50 ni moja katika 50. Mwenye ualbino asishuke chini ya 30. Pili, chupa ieleze kwamba mafuta yanakinga mionzi ya aina zote mbili, UVA na UVB, kwa sababu UVA huingia ndani zaidi ya ngozi na hupenya hata kioo cha gari. Tatu, yatazamwe mazingira ya kazi. Mkulima wa mpunga wa Ndungu na fundi ujenzi wanahitaji mafuta yasiyotoka upesi kwa maji na jasho. Mwenye ngozi kavu, katika upepo wa Same, atafaa kwa krimu nzito, na mwenye ngozi ya mafuta kwa losheni nyepesi. Ngozi inayowashwa upesi huelewana zaidi na mafuta yenye zinki. Mwisho, itazamwe tarehe ya kuisha muda, na chupa isiachwe juani wala ndani ya gari lenye joto.

Hata hivyo, mafuta bora yakipakwa kidogo ni kama hayakupakwa. Uso na shingo huhitaji kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na kila mkono kijiko kingine. Hivyo ni vijiko vitatu, yaani mililita 15 kwa mpako mmoja. Mafuta yapakwe nusu saa kabla ya kutoka, na yarudiwe kila baada ya saa mbili mtu akiwa juani. Akipaka mara mbili tu kwa siku, chupa ya mililita 100 haitamaliza siku nne. Ni kaya ngapi za vijijini zinazoweza kumudu gharama hiyo?

Kwa sababu hiyo nguo ndiyo kinga ya kwanza na mafuta ni ya pili. Shati la mikono mirefu lenye kitambaa kilichoshonana, suruali au kitenge kirefu, na kofia pana inayofunika masikio na kisogo, vyote hivyo havihitaji kupakwa upya saa sita mchana. Mafuta yabakie kwa sehemu zisizofunikika. Kazi za shamba zifanywe alfajiri na jioni, na jua la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni liepukwe kila inapowezekana. Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita akingwe kwa kivuli na nguo.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi mwenye ualbino aruhusiwe kuvaa kofia na mikono mirefu hata kama sare ya shule haisemi hivyo, na asisimamishwe juani kwenye gwaride. Hayo hayahitaji fedha.

Wapo pia wanaojiondolea kinga waliyozaliwa nayo. Mkorogo wenye zebaki au haidrokwinoni huichubua melanini na kuiacha ngozi wazi mbele ya jua. Ni jambo la kusikitisha kwamba mmoja ananunua kwa fedha upungufu ambao mwenzake angetoa chochote auepuke.

Mkoa wetu wa Kilimanjaro hauna udhuru wa kukosa maarifa. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Hapo ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun, yaliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino na kugawiwa kwao kupitia kliniki. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, au gamba gumu linalotoka damu, lisisubiriwe nyumbani. Lipelekwe kwa mganga mapema, likiwa bado dogo.

Lakini kutoka Same hadi Moshi ni safari ya kilomita 100 hivi, na kwa mtu wa milimani kuna mteremko mrefu kabla ya kuifikia lami. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipeleka elimu hadi vijijini kwa redio na vikundi vya wananchi, bila kumngoja mgonjwa afike hospitali. Njia hiyo ndiyo inayofaa hapa. Mafuta ya kujikinga na jua yahesabiwe kuwa dawa, yawekwe katika zahanati pamoja na dawa nyingine, na kila halmashauri ijue idadi ya watu wake wanaoyahitaji. Mradi tunayaacha kwenye rafu za vipodozi, mwenye fedha atajipamba, na mwenye kuyahitaji ataendelea kuungua.