Blanketi zito la farasi ni mzigo wa hasara

Mfanyabiashara anayevusha mablanketi ya farasi Namanga, kutoka Nairobi kwenda Arusha, huvutiwa na yale mazito kwa kuwa ndiyo yanayoonekana ya thamani. Asiharakishe. Baridi ya Juni hadi Agosti katika miji hii si ya Ulaya. Usiku hushuka hadi karibu nyuzijoto 12, na farasi mzima mwenye manyoya yake kamili huivumilia bila nguo.

Wateja ni wenye farasi walionyolewa, wazee au waliokonda. Hao huwatosha blanketi lisilo na ujazo, au lenye ujazo wa gramu 50 hadi 100 kwa mita ya mraba. La gramu 300 humtoa jasho, na manyoya yakilowa anapata baridi kuliko aliyeachwa wazi. Saisi hupima kwa kupenyeza mkono nyuma ya bega. Akikuta unyevu, analivua.

Kitambaa cha juu kizuie manyunyu lakini kipitishe mvuke. Plastiki tupu ni rahisi kwa bei, nayo hurudishwa na mteja mwenye hasira. Urefu hupimwa kwa utepe kutoka katikati ya kifua hadi mwisho wa tako.

Kisha forodha, ambako wengi huumia. Cheti rahisi cha uasili, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Blanketi la Uingereza au China haligeuki la Kenya kwa kununuliwa Nairobi. Lebo isomwe dukani, kabla ya kulipa.