Ini Linalotupiwa Mbwa

Nyuma ya machinjio mengi ya miji midogo, Kenya na Tanzania, mbwa huwa wameshajipanga kabla ng'ombe wa kwanza hajaangushwa. Ndani, mkaguzi wa nyama analipapasa ini, analichana kwa kisu, na mara kinachomoza kifuko cheupe kilichojaa maji maangavu. Analikataa. Ini kama hilo linatakiwa lichomwe au lifukiwe kwenye shimo lenye mfuniko. Lakini shimo limejaa, au halipo, na kijana wa zamu anaona njia fupi ni kulirusha nje ya ukuta. Dakika moja haipiti, limeliwa.

Hiyo ndiyo nyama mbichi ambayo mbwa wengi wa Afrika Mashariki wanaijua. Ile inayojadiliwa mitandaoni ni nyingine. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu kilichotetea kumlisha mbwa mifupa yenye nyama, viungo vya ndani na mboga, vyote vikiwa vibichi, kama walivyokula mababu zake porini. Wazo likashika kasi Ulaya na Marekani, na leo mtu wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye German Shepherd wa kulinda geti anaweza kulisoma kwenye simu na kujiuliza kama ugali wa dona na dagaa si kumdhulumu mnyama.

Si kumdhulumu. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walilinganisha vinasaba vya mbwa wa kufugwa na vya mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, ambao ndio ukoo wake. Mbwa mwitu ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Mbwa wa nyumbani walikutwa na nakala kuanzia 4 hadi 30. Maelfu ya miaka ya kuishi na wakulima yamembadilisha tumbo. Bado anahitaji protini na mafuta ya kutosha, na ugali mtupu utamdhoofisha, ila hoja ya kwamba nafaka kwake ni sumu haina miguu.

Upande wa pili nao una makosa yake, hasa kwa mwenye uwezo ambaye anaamua kumpa mtoto wa mbwa steki peke yake. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mtoto wa mbwa anayekua anahitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi. Akiikosa kwenye sahani, mwili unaikopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa anaanza kuchechemea, miguu inapinda, na anaporuka ngazi ndogo mfupa unavunjika. Mwenye mbwa anashangaa, maana alikuwa anamlisha nyama safi ya buchani kila siku.

Kuhusu bakteria, ushahidi ni mzito kuliko wapenzi wa nyama mbichi wanavyopenda kukiri. Nchini Uholanzi, watafiti walipima pakiti 35 za chakula kibichi cha mbwa na paka kilichogandishwa na kuuzwa madukani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Listeria hatari ilipatikana kwenye pakiti 19, Salmonella kwenye 7. Huko ni kwenye viwanda vyenye majokofu na wakaguzi. Kanada nayo, katika utafiti wa mwaka 2007, mbwa 16 walilishwa nyama yenye Salmonella: 7 waliitoa kwenye kinyesi, na hakuna hata mmoja aliyeugua. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mbwa anaonekana mzima huku mtoto anayemkumbatia ndiye anayeharisha. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilitoa msimamo wake mwaka 2012 kwamba nyama isiyopikwa isipewe mbwa wala paka.

Salmonella, hata hivyo, huumiza tumbo kwa siku chache, na wengi hupona. Kile kifuko cheupe cha machinjioni kina subira zaidi.

Ndani yake mna vichwa vidogo vya tegu anayeitwa Echinococcus granulosus. Mbwa akila ini au pafu lenye kifuko hicho, kila kichwa kinaweza kujishikiza kwenye utumbo wake na kuwa mnyoo kamili, mdogo kuliko punje ya mchele. Mbwa anaweza kubeba maelfu yao bila kukonda. Baada ya wiki sita hivi mayai yanaanza kutoka na kinyesi, yananata kwenye manyoya, yanamwagika kwenye bustani ya mchicha na kwenye kisima. Binadamu akiyameza, kiluwiluwi kinasafiri na damu hadi kwenye ini, wakati mwingine kwenye mapafu, na kuanza kujenga kifuko kilekile. Miaka inapita bila dalili. Mgonjwa anakuja kugundua tumbo limejaa upande wa kulia, na kama kifuko kimepasuka ndani, anaweza kufa kwa mshtuko wa mzio.

Hakuna mahali palipolijua balaa hili kama Turkana, kaskazini mwa Kenya. Takwimu za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliweka kaskazini-magharibi mwa eneo hilo kwenye kiwango cha juu kuliko vyote vilivyorekodiwa duniani: wagonjwa wapatao 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Maji ni ya shida, mbwa analala na familia, analamba vyombo, hata kumsafisha mtoto mchanga ni kazi yake. Mwaka 1983 shirika la afya la AMREF na taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI walianza mradi wa udhibiti: mbwa wakapewa dawa ya minyoo, wazurulaji wakapunguzwa, na mashine za ultrasaundi zikapelekwa hadi manyattani ili vifuko vionekane kabla tumbo halijavimba.

Iceland ilifanya kazi hiyohiyo kabla ya kuwapo dawa za leo. Mdenmaki Harald Krabbe alikwenda huko mwaka 1863, akachunguza mbwa 100 na kukuta tegu huyo ndani ya 28. Kijitabu kikagawiwa kwa wananchi, na mwaka 1869 ikatungwa sheria ya mbwa. Viungo vyenye vifuko vikawa vinachomwa au kufukiwa. Katika karne ya 20 ugonjwa ukaisha kisiwani.

Kwa mfugaji wa kawaida, basi, sufuria inatosha. Ini, mapafu na wengu vikichemshwa kwa dakika 30 tangu maji yaanze kutokota, vichwa vya tegu vinakufa. Kitunguu kisitiwe, kwa kuwa kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa iondolewe baada ya kupikwa, maana ikishaiva hupasuka vipande vyenye ncha. Anayeshikilia nyama mbichi achague mnofu uliogongwa muhuri wa mkaguzi, augandishe siku kadhaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na akumbuke kuwa baridi inaua tegu lakini bakteria inawalaza tu; umeme ukikatika usiku wanaamka. Kibudu kisichunwe kwa ajili ya mbwa hata kidogo, kwani mwenye kisu ndiye anayepata kimeta.

Halafu kuna sindano ya ivermectin, ambayo wengi wanaiamini kwa kila mnyoo. Kwa minyoo ya mviringo na kupe inasaidia, tegu haimgusi. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo kwenye maeneo yenye ugonjwa hutolewa kila wiki sita, kabla mnyoo mpya hajaanza kutaga. Inaua minyoo na kuyaacha mayai yakiwa hai, hivyo mbwa aliyemeza kidonge afungwe sehemu moja kwa siku mbili, na kinyesi chake kizolewe kwa koleo na kuchomwa.